Namna ya kuondoa draiva za maunzi yaliyozeeka katika kerneli ya Linux

Kufuta draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa fulani) katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, ni kazi ya amri moja: git rm huondoa faili, na maelfu ya mistari ya msimbo hutoweka. Kazi halisi iko kabla ya amri hiyo, katika kuthibitisha kwamba hakuna anayeitegemea draiva husika, na baada yake, katika kufuatilia kila mahali ilipokuwa imetajwa. Mwongozo huu ni wa mtu anayeifahamu lugha ya C na git, aliyewahi kukompaili kerneli, na ambaye sasa anataka kupeleka kiraka (patch, yaani badiliko la msimbo) cha kuondoa draiva kwenye mti mkuu wa msimbo unaosimamiwa na Linus Torvalds.

Ikiwa shabaha yako ni kuipunguza kerneli ya kompyuta yako mwenyewe tu, usifute chochote katika msimbo chanzo. Amri ya make localmodconfig husoma orodha ya moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa vinapohitajika) zilizopakiwa wakati huo na kuzima nyingine zote katika faili la .config, kwa hiyo, kabla ya kuiendesha, chomeka printa, modemu, flashi na kila kifaa unachokitumia, hata kile unachokigusa mara moja kwa mwezi, la sivyo draiva yake itaachwa nje. Moduli moja isiyotakiwa inaweza kuzuiwa isijipakie yenyewe kwa mstari wa blacklist katika saraka ya /etc/modprobe.d. Yanayofuata hapa yanahusu uamuzi mzito zaidi, yaani kuiondoa draiva kwa watumiaji wote duniani.

Msimbo usiotumika una gharama, na gharama hiyo hulipwa na watu wasioutumia. Violesura vya ndani ambavyo draiva huvitumia kuwasiliana na sehemu nyingine za kerneli havina ahadi ya kudumu; hubadilika mara kwa mara, na anayevibadilisha hulazimika kurekebisha draiva zote zinazovitumia. Mwaka 2017, kwa mfano, namna ya kuandaa vipima muda ilibadilishwa katika kerneli nzima na mamia ya faili yakaguswa. Kiraka ambacho hakijajaribiwa kwenye kifaa halisi kinaweza kukompailiwa bila kasoro yoyote na bado kikaivunja draiva, na ikiwa hakuna mwenye kifaa hicho, hakuna atakayejua. Lipo pia suala la usalama, kwa kuwa draiva ambayo haijasomwa na mtu kwa miaka mingi huweza kuhifadhi makosa ya kumbukumbu ambayo mshambuliaji atayatumia endapo moduli hiyo inapakika kwenye mashine anayoilenga.

Kabla ya kukusanya ushahidi, tambua draiva yako ni ya kundi gani, maana uzito wa ushahidi hutegemea hilo. Kundi rahisi ni la draiva ambazo basi zake za mawasiliano (bus, njia za kupitishia data ndani ya kompyuta) zimekwisha kutoweka: basi ya MCA ya kampuni ya IBM na mtandao wa Token Ring viliondolewa pamoja katika toleo la 3.5, mwaka 2012. Kundi la pili ni la draiva zilizopata mrithi anayehudumia maunzi yale yale. Mfumo wa zamani wa IDE, uliokuwa katika saraka ya drivers/ide, uliondolewa katika toleo la 5.14 mwaka 2021 kwa sababu libata, mfumo mpya wa draiva za diski, ilikuwa imeshika kazi hiyo kwa miaka mingi. Hapa mtumiaji hapotezi diski yake, lakini jina lake hubadilika kutoka /dev/hda kuwa /dev/sda, na faili la /etc/fstab lililoandikwa kwa jina la zamani litazuia mashine isiwake vizuri hadi mistari yake iandikwe upya, ikiwezekana kwa UUID, yaani kitambulisho cha kudumu kisichotegemea jina hilo. Jambo la namna hii lazima litajwe katika maelezo ya kiraka. Kundi la tatu, ambalo ndilo gumu, ni la draiva isiyo na mrithi na ambayo inadhaniwa tu kwamba haina mtumiaji.

Kwa kundi hilo, anza na historia:

git log --follow -- drivers/njia/ya/faili.c

Historia ya git ya kerneli inaanzia Aprili 2005, kwenye toleo la 2.6.12-rc2, kwa hiyo draiva ya miaka ya 1990 itaonekana kana kwamba iliandikwa siku hiyo. Wingi wa viraka usikudanganye. Soma kimoja baada ya kingine na ujiulize kilitokana na nini: je, ni badiliko la jumla lililopita katika mti mzima, ni marekebisho ya tahajia, ni onyo la kompaila lililonyamazishwa, au ni mtu aliyeeleza kwamba kadi yake iligoma na kwamba badiliko hilo limeifanya ifanye kazi tena? Ni aina hii ya mwisho pekee inayothibitisha kuwepo kwa mtumiaji. Andika tarehe yake na namba ya kitambulisho chake, kwa sababu ndiyo hoja yako kuu baadaye.

Kisha fungua faili la MAINTAINERS, lenye orodha ya watunzaji, na utazame mstari wa S: katika ingizo la draiva hiyo. Neno Orphan maana yake ni kwamba draiva haina mtunzaji, na wengi hukosea kwa kulichukua kuwa ni ruhusa ya kufuta. Draiva ya flopi inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Mwaka 2019 mtunzaji wake, Jiri Kosina, aliitangaza kuwa yatima kwa kuwa maunzi yanayofanya kazi yalikuwa yamekuwa adimu. Hata hivyo haikufutwa: visoma flopi vinavyouzwa sasa ni vya USB na haviitumii draiva hiyo, lakini kidhibiti cha zamani cha flopi bado kinaigizwa na mashine pepe (kompyuta zinazoundwa kwa programu), na kwa hiyo msimbo ule una watumiaji ambao hawana flopi hata moja mezani. Baadaye Denis Efremov akachukua utunzaji. Basi usiulize tu kama kifaa bado kinauzwa. Ukague pia kama QEMU au programu nyingine ya mashine pepe inakiiga, na kama usambazaji mkubwa wa Linux kama Debian na Fedora unaijenga draiva hiyo katika kerneli zake.

Hatua inayofuata ni kuuliza watu, na hapa ndipo ninapoona udhaifu mkubwa wa utaratibu uliozoeleka. Kwa kawaida mwenye kiraka huandika kwa Kiingereza katika orodha ya barua pepe ya watengenezaji, husubiri wiki kadhaa, na asipopata jibu huhesabu kimya hicho kuwa ni ushahidi. Kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya na kwingineko hufika Mombasa na Dar es Salaam kama bidhaa za mitumba, na huanza maisha mapya katika shule, maduka ya vifaa vya ofisi na karakana za mafundi, wakati ambapo mahali zilikotoka zimehesabiwa kuwa zimekufa. Anayezitumia hasomi orodha ile, na mara nyingi anatumia usambazaji wenye kerneli ya muda mrefu (toleo linaloendelea kurekebishwa kwa miaka kadhaa), hivyo ataligundua pengo miaka mingi baada ya kufutwa, siku atakapopandisha toleo. Kwa sababu hiyo, swali lipelekwe pia kwa vikundi vya watumiaji wa Linux na kwa mafundi wa kompyuta wa mahali maunzi hayo yalikokwenda, kwa lugha yao, likiambatana na namba ya kitambulisho cha kifaa ambayo lspci -nn au lsusb huionyesha, kwa maana fundi ataitambua namba hiyo hata kama jina la draiva halijui. Nanyi mnaosoma haya na mnavyo vifaa hivyo, jibuni maswali kama hayo mnapoyakuta, kwani ripoti fupi ya mtu mmoja kwamba kadi yake inafanya kazi kwenye kerneli ya sasa huwa na uzito kuliko dhana za watengenezaji kumi.

Ushahidi ukitosha, fanya kazi yenyewe katika tawi jipya. Futa faili za draiva, kisha uondoe ingizo lake katika Kconfig (faili la chaguo za kerneli) na Makefile ya saraka hiyo. Tafuta jina la chaguo lake kwa git grep -nw bila kiambishi cha CONFIG_, kwa kuwa ndani ya faili za Kconfig chaguo huandikwa bila kiambishi hicho, na utafute tena ukiwa umekiweka, ili uyapate mafaili ya mipangilio yaliyo katika arch/*/configs. Angalia nyaraka zilizo chini ya Documentation, pamoja na kernel-parameters.txt ikiwa draiva ilikuwa na vigezo vya kuwashia. Tafuta pia vitendaji vilivyotangazwa kwa EXPORT_SYMBOL kwa ajili ya draiva hiyo pekee, kwa sababu sasa vimebaki bila mwitaji na navyo viondolewe, vyema katika kiraka cha pili. Vichwa (faili za header) vilivyo katika include/uapi ni suala jingine kabisa: programu za nje hukompailiwa kwa kuvitumia, na kuvifuta kunaweza kuvunja ujenzi wa programu ambayo haijawahi kukigusa kifaa. Vichunguze katika Debian Code Search, na ukiwa na shaka viache.

Jina la mtunzaji wa zamani linapotoka katika MAINTAINERS, lihamishie katika faili la CREDITS ikiwa halimo; ni heshima ndogo anayostahili mtu aliyetoa miaka yake. Baada ya hapo endesha vipimo hivi:

./scripts/checkkconfigsymbols.py --commit HEAD
./scripts/get_maintainer.pl --self-test=patterns
make allmodconfig && make

Cha kwanza hubaini majina ya chaguo yaliyobaki yakining'inia, cha pili hubaini njia za faili zisizokuwepo tena, na cha tatu hujenga kila kinachoweza kuwa moduli. Ikiwa draiva ilikuwa ya usanifu (aina ya kichakataji) zaidi ya mmoja, rudia ujenzi kwa kompaila za usanifu huo mwingine.

Katika maelezo ya kiraka, andika draiva ilihudumia kifaa gani, lini mtumiaji wa mwisho anayejulikana alionekana, uliuliza wapi, na mtumiaji aliyebaki afanye nini. Epuka kuandika tu kwamba msimbo ni wa zamani, kwani umri peke yake si sababu. Kiraka cha kufuta huwa kirefu mno kwa barua pepe. Amri ya git format-patch -D hukifupisha kwa kuacha maandishi yaliyofutwa, lakini kiraka cha namna hiyo ni cha kusomwa tu, hakiwezi kutumika, kwa hiyo toa pia anwani ya tawi ambalo mtunzaji anaweza kulivuta.

Chagua wakati kwa makini. Msaada wa vichakataji vya Itanium uliondolewa katika toleo la 6.7, mara tu baada ya 6.6 ambalo ni toleo la muda mrefu, na mfumo wa faili wa ReiserFS, uliokuwa umetangazwa mwaka 2022 kuwa unaelekea kuondoka, ulitoka katika 6.13 baada ya 6.12, ambalo nalo ni la muda mrefu. Mpangilio huu humwachia mtumiaji wa mwisho kerneli inayoendelea kupata marekebisho ya usalama kwa miaka kadhaa. Kiraka chako kikifika mapema, karibu na rc1 (toleo la kwanza la majaribio), kitakaa wiki nyingi katika linux-next, mti wa kujaribia viraka vya toleo lijalo, kabla ya dirisha la kuunganisha, yaani kipindi cha kupokea mabadiliko mapya, kufunguliwa.

Mtu akijitokeza baadaye akiwa na kifaa hicho, mjibu kwa uungwana na umwombe matokeo ya dmesg (ujumbe wa kerneli) na lspci -nn. Akiwa tayari kujaribu viraka na kuandikwa katika MAINTAINERS, draiva irejeshwe. Kumbuka kwamba git revert huurudisha msimbo kama ulivyokuwa siku ya kufutwa, hivyo mabadiliko yote ya violesura yaliyopita tangu hapo itabidi yaongezwe kwa mkono, na yajaribiwe kwenye mashine yake.