Kabla hujaomba kuhama, hesabu wanaobaki

Kila mwaka masika yakiisha na barabara ya Nachingwea–Liwale ikaanza kukauka, meza yangu ilijaa barua. Nilikuwa katibu wa afya kwenye halmashauri za Mkoa wa Lindi kwa miaka 17, na kabla sijafungua bahasha nilikuwa najua kilichomo: "Yah: Kuomba uhamisho." Mtu aliyekwama na tope miezi mitatu, gari likipata njia tu, anashukia masijala kabla hata ya kwenda kununua sukari.

Siwalaumu. Nimestaafu sasa, niko zangu Lindi mjini, na bado napigiwa simu. "Mama, shikamoo, ombi langu limerudishwa, nifanyeje?" Nimechoka kurudia, ndiyo maana naandika.

Anza kwa kujua nani mwenye uamuzi, maana wengi wanakula danadana kwa sababu wamebisha hodi nyumba siyo. Ukitoka zahanati moja kwenda nyingine ndani ya halmashauri ileile, mwamuzi ni Mkurugenzi, kwa ushauri wa Mganga Mkuu wa Wilaya. Ukitoka Kilwa kwenda Ruangwa, ni Katibu Tawala wa Mkoa. Ukitoka Lindi kwenda Mtwara, hata kama ni kuvuka mpaka tu kutoka Mtama, ni mkoa hadi mkoa, na hilo ni la Katibu Mkuu TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, Dodoma.

Halafu kuna mtego mmoja. Kijana wa maabara wa kituo cha hapahapa mjini alitaka kuhamia Hospitali ya Sokoine, ile ya rufaa ya mkoa. Akadhani ni suala la kuvuka mtaa. Nikamwambia kaa chini, mwanangu. Mwishoni mwa 2017 ulitangazwa uamuzi wa kuzitoa hospitali za rufaa za mikoa TAMISEMI kuzipeleka Wizara ya Afya. Kwa hiyo Sokoine ni mwajiri mwingine, kama ilivyo Ligula kule Mtwara, na anayehama kati ya waajiri wa namna hiyo kibali chake kinatoka Utumishi, ofisi inayosimamia watumishi wote wa umma. Kwenda Liwale, siku nzima ya vumbi, kungekuwa rahisi kwake kuliko kuvuka ule mtaa.

Siku hizi maombi yanapita kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa mtumishi kujihudumia. Unaingia kwa cheki namba yako, ile namba ya utumishi. Ni afadhali kuliko zama za faili kupotea. Ila mfumo haujafuta ngazi. Ombi bado linaanza kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, linapanda kwa Mganga Mkuu, kwa afisa utumishi, kwa Mkurugenzi, na kuendelea. Usiruke mtu. Mfawidhi akisikia habari zako kutoka juu, ombi litakaa kwake mpaka usahau nywila.

Ukiwa ajira mpya, subiri. Thibitishwa kazini kwanza, halafu ujue kwamba chini ya miaka 3 kituoni huna hoja, labda ugonjwa.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Kila anayeandika barua anaeleza shida yake: mume yuko Arusha, mama anaumwa, mtoto ana pumu. Zote za kweli. Lakini mtu wa upande wa pili wa meza, akishasoma, anafungua ikama, ile orodha ya watumishi wanaotakiwa na waliopo kila kituo. Mwongozo wa ikama wa 2014–2019 uliitaka zahanati iwe na watumishi 15 kwa uchache. Mimi zahanati zangu nyingi zilikuwa na watatu, na ile yenye wanne tuliihesabu tajiri. Kwa hiyo swali linaloamua ni hili: huyu akiondoka, Jumatatu nani anafungua mlango?

Hilo sikulijua kwa kusoma. Mwaka mmoja nilipitisha maombi mawili ya zahanati moja ndani ya wiki tatu. La kwanza la muuguzi aliyemfuata mume, la pili la tabibu aliyekuwa na mzazi mgonjwa Songea. Kila moja, peke yake, lilisomeka vizuri. Faili za wauguzi zilikuwa kabati hili na za matabibu kabati lile, nami sikuzilaza pamoja mezani. Wakaondoka, akabaki mhudumu wa afya mmoja. Alfajiri moja mjamzito akafika na uchungu, mhudumu akafungua mlango. Kuzalisha hakuwa amesomea. Akampandisha bodaboda kwenda kituo cha afya, na mama yule akajifungulia njiani, chini ya mkorosho. Wote wawili walipona. Mwenyekiti wa kijiji alikuja ofisini siku ya tatu. Hakugomba. Aliuliza tu, "Katibu, kwani na sisi tumehama?"

Baada ya hapo nikanunua daftari la kaunta. Nyinyi mlioko ofisini leo nawashauri mfanye hivyohivyo, hata kama mna mfumo wa kompyuta. Ukurasa mmoja, kituo kimoja. Kushoto majina ya waliopo. Kulia andika wale ambao kwenye orodha wapo lakini kituoni hawapo: aliye masomoni, aliye likizo ya uzazi, anayestaafu mwaka huu, aliyeazimwa kusaidia hospitali ya wilaya "kwa muda" na muda wenyewe una miaka miwili. Ombi likija, fungua ukurasa kabla ya kusoma shida ya mtu. Ukisoma shida kwanza, moyo unakutangulia.

Nawe unayeomba, mfanyie katibu hesabu hiyo. Barua nzuri kuliko zote nilizopokea iliandikwa na muuguzi mkunga wa pembeni mwa Liwale. Aya yake ya kwanza haikutaja mume wala Tanga anakotaka kwenda. Ilisema hivi: "Kituo kina wauguzi wawili, mmoja anarudi kutoka masomoni mwezi wa nane. Naomba niachiwe baada ya yeye kuripoti. Nimempata muuguzi wa kada na ngazi yangu aliye tayari kuja, na barua yake nimeiambatanisha." Aya ya pili ndiyo ikasema mwenza, ikiwa na nakala ya cheti cha ndoa na barua ya mwajiri wa mume. Sikuwa na cha kuuliza. Nilimpelekea Mganga Mkuu siku hiyohiyo.

Kubadilishana ndiyo njia ya haraka kwa walio mbali, lakini kagua unayebadilishana naye kama anayenunua baiskeli ya mtumba. Muuguzi kwa muuguzi, tabibu kwa tabibu, ngazi zisipishane mno. Muulize yuko kwenye nidhamu? Ana ombi la masomo? Anajua anakokuja? Tulimpokea mmoja kutoka Kilimanjaro ambaye aliiona Liwale kwenye ramani tu. Alishuka kwenye basi, akauliza stendi kubwa iko wapi, akaambiwa ndiyo hii. Kesho yake alikuwa ananiomba fomu ya kurudi. Basi mwambie ukweli: maji, mtandao, nyumba ya mtumishi ina milango mingapi inayofunga. Mtu aliyeambiwa ukweli anakaa.

Pesa usimpe mtu. Wapo wanaojiita "wa Dodoma", wanakutumia picha ya barua yenye nembo na saini. Mmoja alikuja nayo kwangu imechapwa kwa rangi, kumbukumbu namba si ya ofisi yoyote ninayoijua, na tarehe ilikuwa Jumapili. Alikuwa ameshalipa. Kibali cha kweli mwajiri wako anakipata kwa njia yake. Ukikiona wewe kwanza kwenye simu yako, shtuka.

Kuhusu gharama niseme kwa ufupi. Ukihamishwa na mwajiri, una haki ya nauli yako na ya familia, kusafirishiwa mizigo, posho ya kujikimu, na posho ya usumbufu ya asilimia 10 ya mshahara wa mwaka. Serikali imeshaagiza zaidi ya mara moja kwamba mtumishi asihamishwe kama fedha hazijatengwa, na bado madeni ya uhamisho yapo, kwa hiyo tunza nakala za kila kitu. Ukiomba mwenyewe, unajilipia. Ndiyo maana nilichukia kuona ofisi inamshawishi mtu "aandike kama ameomba" wakati imeamua yenyewe kumhamisha. Usiandike.

Wakati mwingine najiuliza kama tunashughulikia kuhama tu na kusahau kukaa. Zambia mwaka 2003 walianza kuwapa madaktari mikataba ya miaka mitatu ya kufanya kazi vijijini, pamoja na posho, msaada wa ada za watoto na ukarabati wa nyumba. Kinachonivutia pale si posho. Ni kwamba daktari anajua tarehe ya kumaliza. Wauguzi wangu wa Liwale walioandika barua kila mwaka, wengi hawakuwa wanachukia kijiji. Walikuwa hawajui kama wanakaa miaka minne au ishirini.

Kibali kikitoka, usipande basi usiku huohuo. Fanya makabidhiano, mbele ya mtu, kwa maandishi. Anzia stoo ya dawa: hesabu vilivyopo, linganisha na leja, palipopungua andika pamepungua. Nenda kwenye friji la chanjo, mwonyeshe anayebaki kipimajoto, kwamba joto liwe kati ya nyuzi 2 na 8 na linaandikwa asubuhi na jioni, na kwamba oksitosini, dawa ya kuzuia mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, nayo inakaa humo. Mpe vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za wagonjwa na huduma, vilivyofungwa hadi siku hiyo. Kama wewe ndiye uliyekuwa unasaini benki, saini yako iondolewe kabla hujaondoka, la sivyo kituo kitakaa na fedha zake bila kuweza kununua hata glavu. Mtajie kwa majina wajawazito uliowaambia wasizalie nyumbani.

Na funguo. Jamaa mmoja alienda Tabora na ufunguo wa friji mfukoni. Akaupakia kwenye basi, ukaja kupitia Dar es Salaam, ukafika Nachingwea siku ya nne. Kufuli lilikuwa limeshakatwa kwa msumeno siku ya kwanza, na ufunguo ule ninao hadi leo kwenye droo.

Ukisharipoti kituo kipya, subiri hati ya mshahara ya mwezi unaofuata uitazame juu, jina la halmashauri. Likiwa bado la zamani, nenda kwa afisa utumishi kesho yake, usione aibu kusumbua. Wewe utalipwa, ndiyo, lakini kule Liwale ikama itaendelea kusoma kwamba upo, na katibu wa afya akiomba muuguzi ataonyeshwa jina lako.