Somo: Intaneti ya nyumbani ikizorota na kampuni isikusikilize, dai haki yako hivi (Kenya)

Wengi wetu intaneti ikikatika tunapiga simu kasta kea, tunafoka, tunakata. Mwezi ukiisha tunalipa tena. Haki tunayo, ushahidi hatuna, na bila ushahidi hakuna ofisi itakayokusaidia.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, habari anazohitaji ili anufaike na huduma hiyo, na fidia akipata hasara kutokana na kasoro zake. Kinabana kampuni binafsi sawa na serikali. Kisha kuna Kanuni za Kulinda Watumiaji za 2010, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya: bei na masharti yaelezwe wazi, bili iwe sahihi, malalamiko yashughulikiwe kwa wakati.

Hatua ya 1: Hakikisha anayekuuzia ana leseni. Katika mitaa kama Pipeline na Kayole utakuta waya umevutwa kutoka ploti hadi ploti, na unayemjua wewe ni kijana anayepokea pesa kwa M-Pesa. Muulize jina rasmi la kampuni, kisha ulitafute kwenye orodha ya wenye leseni iliyoko katika tovuti ya Mamlaka ya Mawasiliano, ofisi ya serikali inayosimamia kampuni za simu na intaneti. Jina lisipokuwepo, usilipe. Mamlaka humbana mtoa huduma kwa masharti ya leseni yake. Asiye na leseni utahangaika naye peke yako.

Hatua ya 2: Soma mkataba kabla ya fundi kutoboa ukuta. Tafuta kasi uliyoahidiwa (mara nyingi imeandikwa "hadi Mbps" kadhaa, yaani megabiti kwa sekunde), kikomo cha matumizi ambacho ukikivuka kasi inapunguzwa, muda uliojifunga nao na adhabu ya kujitoa mapema. Soma pia sehemu ya matukio yaliyo nje ya uwezo wa kampuni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikadorora Afrika Mashariki; kwa siku kama hizo kampuni ina cha kujitetea. Lakini waya uliokatwa na tingatinga mtaani kwako, ukaachwa umening'inia wiki nzima, hauko katika kundi hilo. Kukatwa si kosa lao. Kukaa wiki bila kuurekebisha ni lao.

Hatua ya 3: Pima na uweke kumbukumbu. Hapa ndipo kesi nyingi zinapokufa. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, na uzime vifaa vingine vyote. Kipimo cha Wi-Fi ulichochukua chumba cha pili, ukuta wa mawe katikati, kampuni itakikataa, na itakuwa na hoja. Pima asubuhi, alasiri na saa tatu usiku kwa siku kadhaa mfululizo. Usichague saa mbaya peke yake. Rekodi inayoonyesha na saa nzuri ndiyo inayoaminika. Kila kipimo kipige picha ya skrini yenye tarehe na saa.

Kasi huuzwa kwa megabiti, ilhali faili unayopakua mara nyingi huonyeshwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo mwenye Mbps 40 akiona faili inashuka kwa megabaiti 5 kwa sekunde, anapata alicholipia.

Intaneti ikikatika kabisa, ipige picha ruta yenyewe. Taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, mwanga wa faiba (waya wa kioo unaobeba intaneti) haufiki. Hakikisha kwanza waya haujakunjika nyuma ya kabati. Ukiwa sawa, basi hitilafu yaelekea iko upande wao.

Hatua ya 4: Andika. Hata ukipiga simu, omba tiketi namba (namba ya lalamiko lako), kisha tuma barua pepe siku hiyo hiyo. Mfano:

"Akaunti namba ... Tarehe 1 nililipia kifurushi cha Mbps 40, KSh 3,000. Kuanzia tarehe 6 hadi 14 sikuwa na intaneti. Taa ya LOS ilikuwa nyekundu (picha nimeambatisha). Niliripoti tarehe 6, tiketi namba ... Naomba nirudishiwe KSh 900 za siku 9, au niongezewe siku 9. Naomba jibu la maandishi kufikia tarehe ..."

Hakuna matusi wala hadithi ndefu. Kuna tarehe, namba, na ombi linalohesabika.

Hatua ya 5: Nenda Mamlaka ya Mawasiliano. Makao yake makuu yako Waiyaki Way, Nairobi, na unaweza pia kuwasilisha lalamiko kwa mtandao. Jambo la kwanza watakalotaka kujua ni kama uliilalamikia kampuni na ikajibu nini. Ile barua ya hatua ya 4 ndiyo jibu lako.

Hatua ya 6: Mahakama ya Madai Madogo. Ukitaka kulipwa hasara, mahakama hii husikiliza madai yasiyozidi KSh milioni 1, yakiwemo ya mikataba ya huduma, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili. Usiruke hatua ya 5, maana kampuni inaweza kusema ulipaswa kuanzia kwa Mamlaka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kisauni: Mwalimu, asalaam aleikum. Mwenye nyumba wetu ameruhusu kampuni moja tu iingie kwenye jengo, na ni mbovu. Sheria inasemaje?

Waleikum salaam. Jengo ni lake, na kuamua nani atoboe kuta zake ni haki yake. Lakini Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza mapatano yanayozuia ushindani. Wapangaji mwandikieni kwa pamoja, mkiomba kampuni ya pili. Akikataa kwa sababu ana mkataba wa kuwafungia wengine nje, pelekeni lalamiko Mamlaka ya Ushindani. Wakati huo huo, anayeweza atumie intaneti isiyohitaji waya wa jengo.

Mwanachama, Ruiru: Naweza kumgawia jirani Wi-Fi anichangie nusu ya bili?

Dada, soma mkataba wako; mingi inakataza kuuza tena. Ukianza kutoza watu unaingia katika biashara inayohitaji leseni. Na jirani akitapeli mtu mtandaoni, wachunguzi watafuata laini hadi kwenye jina lako.

Mwanachama, Nakuru: Tangu nijaze fomu ya fundi, napigiwa simu na wauzaji nisiowajua.

Hilo ni la Kamishna wa Data, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Andikia kampuni kwanza, uulize ilimpa nani namba yako. Kisha peleka lalamiko. Sheria inataka lichunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Hifadhi orodha ya simu hizo.

Mwanachama, Arusha: Shikamoo mwalimu. Na sisi wa Tanzania?

Marahaba. Mpangilio unafanana: kampuni kwanza, kisha TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Mnalo pia baraza la kuwatetea watumiaji, TCRA CCC, lililoanzishwa kwa Sheria ya TCRA ya 2003, na rufaa dhidi ya uamuzi wa TCRA huenda Baraza la Ushindani. Hatua ya 3 na ya 4 zifuate kama zilivyo.