Kutoa mafuta kwenye nyama kabla ya kupima asidi zake

Anayetaka kujua muundo wa asidi za mafuta katika nyama, na si jumla ya mafuta pekee, asitumie kifaa cha Soxhlet, kinachosuuza sampuli tena na tena kwa kiyeyusho kinachochemshwa, kama heksani, kwa sababu tu ndicho kilichopo maabara. Heksani huyeyusha trigliseridi (mafuta ya akiba) vizuri, lakini huacha sehemu kubwa ya fosfolipidi za utando wa seli, na katika nyama isiyonona, kama kidari cha kuku, humo ndimo zilimo asidi nyingi zenye bondi mbili kadhaa, ambazo pia huharibika zikikaa kwenye joto kwa saa nyingi.

Njia ya Folch ya mwaka 1957, yaani klorofomu na methanoli kwa uwiano wa 2:1, mililita 20 kwa kila gramu ya sampuli, hutoa aina zote mbili za mafuta bila kuchemsha. Ile ya Bligh na Dyer ya mwaka 1959 hutumia kiyeyusho kidogo zaidi, ila ilibuniwa kwa misuli ya samaki, na kwa soseji iliyonona huonyesha mafuta pungufu. Klorofomu ni sumu, hivyo kazi ifanyike ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Heksani na isopropanoli kwa 3:2 ni mbadala ambao, kwa maoni yangu, haupewi nafasi unayostahili.

Asidi ya kulinganishia, yaani asidi ya mafuta ambayo kiasi chake kinajulikana, iongezwe kabla ya kiyeyusho, ili upotevu wote uhesabiwe. Kwa nyama ya ng'ombe au mbuzi iepukwe C17:0 (asidi yenye kaboni 17 bila bondi mbili), kwani imo humo kiasili. Kiyeyusho kikaushwe kwa naitrojeni, si kwa hewa ya kawaida.