Kutafuta kazi ya uuguzi Lubumbashi ukiwa mtu mzima na mwenye uzoefu mdogo

Jambo yenu wote. Somo hili ni la mama au baba aliyepata diplome ya uuguzi ya A2 (ya sekondari) au A1 (ya chuo) akiwa mtu mzima, au aliyeipata zamani kisha akashika biashara na kulea watoto, na sasa anataka kazi ya anfirmie. Wengi huanza kwa kupeleka dosie Sendwe na Cliniques Universitaires, halafu wanangoja miezi bila jibu. Huko wakuu wa huduma wanajua tayari sura za vijana waliopita kwao kwa staji. Mtu wa miaka 45 asiyejulikana anapita vizuri zaidi kwenye kituo cha afya cha mtaani, ambako IT (infirmier titulaire, muuguzi mkuu wa kituo) ana wauguzi wachache na anatafuta mtu atakayefika kwenye zamu ya usiku bila kukosa. Anzia huko.

Hatua ya 1: Majina kabla ya yote

Weka diplome na kadi ya uchaguzi mezani, soma herufi kwa herufi: nom, postnom, prenom, tarehe ya kuzaliwa. Herufi moja ikipungua upande mmoja, dosie inakwama. Mama walioolewa ndio wanaoumia zaidi, maana diplome ina jina la baba na karatasi nyingine zina jina la bwana. Uliza komini yako namna ya kurekebisha sasa, usingoje siku utakayoitwa kusaini mkataba.

Kisha tayarisha nakala 3 za diplome zilizopigwa muhuri kuwa ni sawa na ile ya asili, CV ya kurasa mbili zisizozidi, cheti cha tabia njema, cheti cha afya na picha ndogo 4. Cheti cha tabia na cha afya vichukue mwisho, kwa sababu huzeeka upesi. Diplome ya asili haiachwi kwa mtu yeyote: unaionyesha, unairudisha kwenye mfuko.

Hatua ya 2: Ordre

Ordre ya wauguzi, chama chao cha taaluma, iliundwa kwa sheria namba 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016. Jiandikishe, chukua risiti ya kila malipo, na namba yako uiandike juu kabisa ya CV, chini ya jina. Mwajiri makini anaitafuta hapo.

Hatua ya 3: Rudisha mikono

Hapa ndipo kazi inapopatikana au kupotea, kwa hiyo usiharakishe. Omba staji ya miezi 3 kwenye kituo kimoja, na nunua daftari la kurasa ngumu. Kila tendo liandike: tarehe, tendo, umri wa mgonjwa (bila jina lake), na saini ya aliyekusimamia. Panga kufikia kwa uchache mishipa 30 uliyoingiza sindano, sindano za misuli 50, vidonda 20, CPN (uchunguzi wa mama wajawazito) 20, na uzazi 10 ambao partogramu yake (karatasi ya kufuatilia uchungu) umeijaza mwenyewe. Hakuna sheria inayodai hesabu hizi. Ni kiasi ambacho mkono unaacha kutetemeka na IT anaanza kukuamini.

Jioni fanya mahesabu, maana majaribio ya kazi yanapenda hayo. Mfano wa serumu: ml 500 kwa saa 4, na infuzeri (mpira wa serumu) ya matone 20 kwa ml. Unazidisha 500 kwa 20, unagawanya kwa dakika 240, unapata matone 42 kwa dakika.

Mfano wa artesunate ya sindano kwa malaria kali: mtoto wa kilo 14. Walio chini ya kilo 20 wanapewa mg 3 kwa kilo, kwa hiyo ni mg 42. Kichupa cha mg 60 kinayeyushwa kwanza na ml 1 ya bikarbonati yake, kisha unaongeza ml 5 za serumu kwa mshipa, na kila ml inakuwa na mg 10. Utavuta ml 4,2. Kwa msuli unaongeza ml 2 tu, kila ml ina mg 20, na utavuta ml 2,1. Dozi zinafuata saa 0, 12 na 24. Kosa linalorudi kila mara ni kutumia mg 2,4, ambayo ni ya walio na kilo 20 na zaidi: mtoto anapata mg 33,6 na dawa inakuwa pungufu. Kosa la pili ni kuyeyusha asubuhi ili itumike mchana. Ikishachanganywa, itumike ndani ya saa moja.

Soma tena pia ordinogramu za kituo (michoro ya hatua za matibabu), pumzi za haraka za mtoto (50 na zaidi kwa dakika kutoka miezi 2 hadi 11, 40 na zaidi kutoka miezi 12 hadi 59), kipimo cha mkono chini ya mm 115 (utapiamlo mkali), na chanjo kati ya nyuzi 2 na 8. Kampeni za chanjo zinapotafuta watu, jiandikishe. Malipo ni ya siku chache tu, lakini BCZ (ofisi kuu ya zone ya afya) inaanza kukujua.

Hatua ya 4: Barua na mlango wake

Kituo cha serikali: barua inaelekezwa kwa Médecin Chef de Zone (daktari mkuu wa zone ya afya), na IT apate nakala. Hospitali: kwa Médecin Directeur, na nakala kwa Directeur de Nursing. Andika kwa Kifaransa, ukurasa mmoja. Chapisha mbili, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Baada ya wiki 2 rudi na nakala hiyo, uliza kwa upole. Bila muhuri utaambiwa barua haijafika.

Miaka uliyokaa nje ya kazi usiifiche. Mstari mmoja unatosha: «2008–2021: biashara ndogo na malezi», kisha staji yako mpya ifuate na hesabu za daftari. Shimo tupu kwenye CV linamfanya msomaji afikirie mabaya kuliko ukweli.

Hatua ya 5: Kabla ya kukubali

Uliza mambo matatu: nani anakulipa, lini, na daktari gani anaitwa usiku. Kwenye vituo vya serikali, mshahara wa serikali ni wa waliokwisha kuingizwa kwenye orodha. Wengine wengi wanaishi kwa prime (posho) ya kituo, inayotoka kwenye mapato na kupanda na kushuka pamoja nayo. Kwa binafsi, kanuni ya kazi ya 2002 inaweka kikomo cha miezi 6 kwa kipindi cha majaribio cha mtu mwenye ufundi. Staji ya bure isiyo na tarehe ya mwisho kwenye karatasi ikatae. Ni hapo watu wazima wanapoteza mwaka mzima.

Maswali ya wanachama

*Kutoka komini ya Kenya, hapa Lubumbashi: Yaya, nina miaka 47, A2 yangu ni ya 2003. Bado ina nguvu?*

Diplome haiozi, mama. Kilichozeeka ni dawa ulizofundishwa. Kwa malaria ya kawaida Kongo iliacha dawa moja peke yake na kushika mchanganyiko wa artesunate na amodiaquine kuanzia 2005. Kwa malaria kali, OMS (Shirika la Afya Duniani) ilipendekeza artesunate badala ya kinini kwa watu wazima mwaka 2006 na kwa watoto mwaka 2011. Ukijibu kinini kwanza kwenye majaribio, watajua siku uliyoacha.

*Kutoka Katuba: Mtu anaomba dola 200 aniingize kwenye orodha ya serikali.*

Usitoe. Uliza mwenyewe BCZ au Division Provinciale ya afya, kwa mdomo wako, ukiwa na barua yako ya kupangiwa kazi.

*Kutoka Ruashi: IT wangu ni binti wa miaka 28. Nitamwitaje, na akinikosoa mbele ya wagonjwa?*

Mwite IT au shefu, kama wengine wote. Akikukosoa, rekebisha kwanza mkono, maana mgonjwa ndiye anayengoja. Neno lako liseme ofisini baadaye, mkiwa wawili. Naye atakuita baba, na heshima hiyo itakaa vizuri kama hukuitumia kukwepa zamu ya usiku.

*Kutoka Kampemba: Cabinet moja (kliniki ndogo ya binafsi) inaniachia usiku peke yangu, na mwenye cabinet anataka nianzishe uzazi kwa ositosini bila daktari. Nifanye nini?*

Kataa, hata kama ni siku ya kwanza ya kazi. Ositosini kabla mtoto hajazaliwa, bila daktari na bila mahali pa kufanya upasuaji karibu, inaweza kupasua kizazi. Yako ni ile ya baada ya kuzaliwa: unahakikisha hakuna pacha, kisha uniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika ya kwanza. Andika kwenye rejista saa uliyompigia daktari na saa uliyomtuma mama hospitali ya rufaa. Kama mwenye cabinet anakataza kuandika hayo, peleka barua yako kituo kingine wiki hiyohiyo.