Kufuga na kuzalisha duboisi bila kuwazika kila asubuhi

Jumapili nilikuwa Tabata kwa dogo mmoja aliyenunua samaki wa mapambo aina ya Tropheus duboisi, wanne. Nilimkuta amebaki na mmoja, amenona, anazunguka tangi kama mwenye nyumba. Nilimwahidi kumwandikia hatua; someni na nyie.

1. Tangi. Urefu usipungue sentimita 120. Haya matangi marefu kwenda juu ni pambo la sebuleni. Duboisi hukimbizana kwa upana. Jaza mawe yenye mapango. Chujio liwe limeshaiva, yaani limeshaota bakteria wanaosafisha maji.

2. Maji. Hawa ni wa Ziwa Tanganyika, maji magumu yenye pH inayokaribia 9. Maji ya bomba yalaze siku moja na pampu ya hewa ili klorini itoke. Ya kisima yaonje kwanza, maana visima vingi vya Dar vina chumvi. Chini mwaga kokoto za chokaa: idondoshee siki, ikitoa povu ndiyo yenyewe. Matumbawe ya baharini usiyaguse. Hita ya nini? Januari utatafuta feni.

3. Kuwaingiza. Hapa ndipo nilipolia.

Nunua kumi na wawili au zaidi, wadogo, wa umri mmoja, na waingie siku moja. Wanne hawatoshi kwa sababu mbabe anakuwa na wachache tu wa kuwapiga. Wakiwa wengi, kipigo kinagawanyika.

Sasa kosa langu. Jike mmoja alichanwa mapezi, nikamhurumia, nikamtenga wiki mbili mpaka akapona kabisa. Nikamrudisha saa nne asubuhi, taa zinawaka. Kufika jioni alikuwa ameshakufa. Kumbe ukimtoa samaki, nafasi yake kwenye kundi inafutika. Akirudi ni mgeni.

Kwa hiyo anayetengwa ni mbabe, si majeruhi. Mweke pembeni siku nne, tano. Kabla ya kumrudisha panga mawe YOTE upya, si mawili matatu, ili kila mmoja apoteze pango lake. Zima taa, mrudishe usiku. Isipokuwa tu kwamba wakati mwingine anayemfuatia kwa ubabe ameshashika madaraka, na ni mkorofi kuliko yeye. Hapo rudia. Akishindikana mara ya tatu, mimi namgawa.

Majeruhi ukilazimika kumtoa, arudi usiku pia, mawe yakiwa yamehamishwa.

4. Chakula. Spirulina (chakula cha mwani mkavu), kidogo kidogo, na mchicha uliochovywa maji ya moto. Nyama na minyoo hapana, hata muuza duka akuapie. Utumbo wao mrefu ni wa mwani. Wakila nyama tumbo huvimba, kinyesi kinakuwa uzi mweupe, na kifo kiko karibu.

5. Vifaranga. Jike hutaga mayai machache, mara nyingi hayafiki 15, na kuyaatamia mdomoni takriban wiki nne. Koo litashuka, na atakuwa kama anatafuna. Endelea kumpa chakula laini, kwani huwalisha wanawe humo humo mdomoni.

Kumtenga? Rudi hatua ya 3. Mimi huhesabu siku 28, namnasa usiku, namfungua mdomo taratibu juu ya ndoo yenye maji ya tangi lile lile, watoto wanadondoka, naye anarudi papo hapo kabla wenzake hawajamsahau. Utawatambua watoto: weusi wenye vidoa vyeupe, kama kanga wa porini. Spirulina iliyosagwa wanaila siku hiyo hiyo.