Tochi kabla ya msasa wa mwisho

Laiti ningelijua hili mapema. Puti ya kuziba maungio ya bodi za jipsamu ukutani ikishakauka, zima taa za chumba, kisha ubanishe tochi ukutani ili mwanga utambae juu ya bodi badala ya kuipiga usoni. Kila kibonde, mkwaruzo na ukingo wa puti hutupa kivuli; zungushia penseli hapo hapo (kalamu ya wino usiguse, huchomoza juu ya rangi). Taa ya dari huficha makosa hayo, halafu jua la pembeni la dirishani huyaumbua rangi ikishapakwa. Puti ikiwa mbichi usijisumbue, bado itanywea. Wala tochi haionyeshi tepu (ile ya kufunika maungio, chini ya puti) iliyoachia kwa ndani: hiyo igonge kwa kidole, usikilize.