Virutubisho na mitishamba ya kusaidia kinga dhidi ya virusi, jinsi ya kutumia bila kujiumiza

Kila msimu wa mafua ukianza naona watu wananunua vitu kwa haraka, leo vitamini C, kesho zinki, keshokutwa poda ya manjano na mafuta ya habat soda, alafu vyote vinamezwa siku moja na mtu hajui kipi kimefanya nini. Naelewa kabisa, ukiumwa au mtoto akiumwa unataka kufanya kitu. Ila nimeshakaa na mtu wangu wa karibu aliyekuwa anatapika kila asubuhi na sisi tukidhani ugonjwa umezidi, kumbe ni zinki aliyokuwa anaimeza tumbo tupu tena kutoka kwenye makopo matatu tofauti, kwa hiyo hii mada naiandika nikiwa siriasi.

Kwanza tuelewane jambo moja maana hapa ndo watu wengi wanapotelea. Hakuna mmea wala kidonge cha vitamini ambacho kimethibitishwa kuingia mwilini na kuua kirusi cha mafua, homa ya ini, UKIMWI au surua. Kinachopambana na kirusi ni seli nyeupe za damu na kingamwili zako mwenyewe, na hizo zinatengenezwa kwa protini, zinki, chuma, vitamini A, C, D na vinginevyo. Ukipungukiwa na kimojawapo kinga inayumba, ukikirudisha inarudi. Lakini ukiwa nacho cha kutosha, kuongeza mara tano zaidi hakukufanyi uwe na kinga mara tano. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutafuta pengo liko wapi, ndo ujue cha kununua.

Jiulize hivi. Unakula protini kila siku, maharage, samaki, mayai, chochote? Mboga na matunda je? Unatoka juani au unashinda ndani kuanzia asubuhi mpaka usiku? Unalala masaa mangapi? Hili la usingizi watu wanalipuuza sana, kuna utafiti wa mwaka 2015 walichukua watu 164 wakawawekea kirusi cha mafua puani kwa makusudi, waliokuwa wanalala chini ya masaa 6 waliugua zaidi ya mara 4 ukilinganisha na waliolala zaidi ya masaa 7. Sijaona kirutubisho chochote cha dukani chenye tofauti kubwa hivyo, kwa hiyo kama unalala masaa manne anzia hapo kabla hujatoa hela yako.

Sasa tuje kwenye vyenyewe.

Vitamini C. Hii ilipata umaarufu miaka ya 1970 kwasababu Linus Pauling, mwanasayansi mwenye tuzo mbili za Nobel, aliipigia debe sana. Tafiti nyingi zilizofanyika baadaye zikikusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kwa mtu wa kawaida kuimeza kila siku hakumzuii kupata mafua, ila mafua yakija yanapungua kidogo muda, kama asilimia 8 kwa mtu mzima na 14 kwa mtoto, yaani kwa mafua ya wiki moja ni kama nusu siku hivi. Waliofaidika kweli ni wanaoutumikisha mwili kupita kiasi kama wakimbiaji wa marathoni na wanajeshi wa kwenye baridi kali, hao hatari ya kupata mafua ilipungua karibu nusu. Na ukianza kuimeza baada ya mafua kuanza, faida haionekani vizuri. Mahitaji ya siku ni mg 90 kwa mwanaume na 75 kwa mwanamke, pera moja tu linakutosha. Usivuke mg 2000 kwa siku, utaharisha, na kama una historia ya mawe kwenye figo kaa mbali kabisa na dozi kubwa.

Vitamini D. Hii naipa uzito zaidi kwa watu fulani: wazee, wanaoshinda ndani, wanaovaa nguo za kufunika mwili wote, na wenye ngozi nyeusi wanaoishi sehemu zenye jua hafifu. Hao ndo huwa na upungufu, na kwa mwenye upungufu kuirudisha kuna maana. Kwa ambaye hana upungufu faida dhidi ya mafua ni ndogo au haipo. Dozi ya kawaida ni IU 600 kwa siku (IU ni kipimo chake, utakiona kwenye lebo), ukizidi miaka 70 ni IU 800, na mwisho IU 4000 labda daktari akuambie vingine. Bora kidogo kidogo kila siku kuliko dozi moja kubwa ya miezi mitatu. Ukizidisha kwa muda mrefu kalsiamu inapanda kwenye damu, unaanza kuona kiu, kichefuchefu, choo kigumu, na figo zinaumia. Kama unaweza kupima kiwango chako kabla ya kuanza, pima.

Zinki. Hapa nitakaa kidogo maana ndo yenye faida na ndo yenye makosa mengi. Mwanaume anahitaji mg 11 kwa siku, mwanamke 8, na kiwango cha juu ni 40 kwa jumla, yaani chakula pamoja na vidonge. Ukipata mafua, vidonge vya kumung'unya vikianzwa ndani ya masaa 24 vinaweza kupunguza siku za kuumwa, baadhi ya tafiti zimeonyesha kama siku mbili japo matokeo hayafanani. Dozi zilizotumika huko zilikuwa kubwa kuliko hiyo 40, ndo maana ni za siku chache tu, sio mwezi mzima. Mung'unya taratibu mpaka kiishe, usitafune.

Alafu soma lebo vizuri. Ukiona zinki glukoneti mg 50 sio kwamba unapata zinki 50, zinki halisi humo ni kama mg 7, wakati zinki salfeti mg 220 ina zinki halisi 50. Watu wanachanganya hapa wanajikuta wamezidisha au wanameza kidogo mno. Na kama una maltivitamini, una kopo la zinki na una lile la mchanganyiko wa kinga, jumlisha zinki ya vyote vitatu. Ukimeza nyingi kwa miezi mfululizo inazuia madini ya shaba kufyonzwa, unapata upungufu wa damu na kinga yenyewe inashuka. Usimeze tumbo tupu. Na usiweke zinki puani kwa namna yoyote, mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya watu kupoteza uwezo wa kunusa kwa ajili ya dawa za zinki za puani.

Vitamini A naitaja kwasababu ya watoto tu. Mtoto akiugua surua Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri apewe dozi mbili, siku ya kwanza na ya pili, lakini hiyo inatolewa na mhudumu wa afya kulingana na umri, usimpe wewe nyumbani. Inakaa kwenye ini, ikizidi ni sumu, na mjamzito akimeza nyingi inaweza kudhuru mtoto tumboni.

Tuhamie jikoni. Kitunguu saumu ukikipika kizima kinabaki na ladha tu. Kile kitu chenye nguvu, alisini, hakipo kwenye punje nzima, kinatengenezwa ukiponda. Kwa hiyo ponda au katakata punje moja au mbili, acha dakika 10, ndo ule na chakula au utie kwenye sufuria mwishoni kabisa moto ukiwa mdogo. Utafiti unaotajwa sana ni wa mwaka 2001, watu 146 kwa wiki 12, waliotumia vidonge vya saumu walipata mafua mara 24 na wasiotumia mara 65. Matokeo mazuri ila ni utafiti mmoja, kwa hiyo mimi nakula saumu kama chakula, siichukulii kama chanjo. Usiibandike kwenye ngozi wala kuiweka puani au sikioni, inaunguza, watoto wameshapata malengelenge.

Tangawizi inasaidia kichefuchefu na inatuliza koo. Kwangua kipande cha ukubwa wa kidole gumba, chemsha kama dakika 10, chuja, acha ipoe kidogo ndo uweke asali. Asali kwa kikohozi inafanya kazi kweli, kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala kinatosha. Ila sikiliza hapa tafadhali, mtoto chini ya mwaka mmoja HAPEWI asali, hata ya kulamba kidoleni, inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya botulizimu na utumbo wake bado hauwezi kuvizuia.

Manjano peke yake mwili unaifyonza kidogo sana, ndo maana wanaongezea pilipili manga, utafiti wa 1998 ulionyesha inapandisha ufyonzaji kama mara 20. Kwenye chakula sawa kabisa. Vidonge vyake vya dozi kubwa ndo naogopa, hasa hivyo vyenye pilipili ndani, kuna watu ini limevimba. Mdalasini nao ni hivyo hivyo, ule wa kawaida wa madukani una kemikali inayoitwa kumarini, ukilamba vijiko kila siku ini linalalamika. Mlonge uuchukulie kama mboga nzuri ya majani. Mafuta ya mwarobaini asinywe mtu, mtoto mdogo anaweza kupata degedege na kufa, na mjamzito asitumie mwarobaini kabisa. Mafuta ya mkaratusi pia hayanywewi. Mizizi ya likorisi (licorice), ile tamu ya kutafuna, inapandisha presha.

Kujifukiza kunaweza kukupa nafuu ya pua iliyoziba kwa muda, hakuui kirusi kwenye mapafu. Usimfunike mtoto shuka juu ya sufuria ya maji ya moto, wodi za majeraha ya moto zinapokea watoto kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa kama unatumia dawa nyingine, hapa soma mara mbili. Ukiwa kwenye ARV zenye dolutegravir, ile wanaita DTG, virutubisho vyenye zinki, chuma, kalsiamu au magneziamu vinaishika dawa tumboni isiingie kwenye damu, kwa hiyo meza ARV yako masaa 2 kabla ya hivyo virutubisho au masaa 6 baada yake. Antibayotiki kama siprofloksasini na doksisaiklini nazo zinaharibiwa hivyo hivyo, uliza mfamasia muda wa kupishanisha. Mmea unaoitwa Saint John's wort unashusha nguvu ya ARV na ya vidonge vya uzazi wa mpango, usiuguse. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asianze vidonge vya saumu, tangawizi au manjano bila kumwambia daktari, na kama una operesheni acha angalau wiki moja kabla. Na hakuna mtishamba wa kukufanya uache ARV hata siku moja, atakayekuambia hivyo anakuhatarishia maisha.

Namna ninayoshauri kuanza ni hii: chagua kimoja tu, andika tarehe, dozi na sababu, kaa nacho wiki mbili kabla hujaongeza kingine. Ukiwashwa, ukitapika, macho yakiwa ya njano au mkojo ukawa kama chai ya rangi, acha palepale na uende hospitali ukiwa umebeba kopo lenyewe, sio jina tu, maana daktari anahitaji kusoma lebo. Chanjo za surua, mafua na homa ya ini B chukua kama unastahili, hizo zinaifundisha kinga kirusi chenyewe kabla hakijaja.

Na usikae nyumbani ukichemsha majani kama mgonjwa anahema kwa shida, midomo imekuwa ya bluu, kifua kinauma, amechanganyikiwa, homa imepita siku tatu, au mtoto hanyonyi na hakojoi. Kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu homa yoyote ni safari ya hospitali muda huo huo, hata kama ni saa nane za usiku.